Mjusi wa Mawe na "Mazingira Yamenifanya Hivi"



Vijana wenzangu, yule mjusi wa kwenye mawe ya huku kwetu Simiyu kuelekea Serengeti, kichwa chekundu na mwili wa buluu, mmemwona? Wataalamu wanamwita Agama mwanzae, jina lililotokana na majirani zetu wa Mwanza. Mapambo hayo ni ya dume. Jike ana rangi ya udongo, ukipita haraka humtofautishi na jiwe.

Rangi ya dume haitulii. Asubuhi ya baridi anakuwa mweusi-mweusi, maana ngozi nyeusi hunyonya joto la jua haraka. Akishapata joto, ndipo anang'aa. Hayo ni mambo ya muda mfupi tu. Rangi ya jike ni kazi ya vizazi vingi: wasiofanana na mawe walionekana na mwewe wakaliwa, waliofanana wakabaki wakazaa.

Sasa, nasi tunapenda kusema, "Mazingira ndiyo yamenifanya hivi." Si uongo mtupu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikubali kwamba hali ya mwili hutuelekeza upande fulani. Ila alisema mwelekeo huo hautulazimishi. Akili inaweza kuukataa. Mjusi hawezi kuikatalia baridi. Wewe uliyepanga geto moja na wavuta bangi unaweza, ingawa si kirahisi (anayesema ni rahisi hajawahi kukaa geto).

Swali la VIWAWA wiki hii: ukitoka Misani ukakutana na washikaji, rangi gani inabadilika kwanza?