DAWA MOJA HAITIBU KILA MWASHO

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Hapa Ikutha jua ni kali na maji tunayachimba mchangani. Leo tujifunze juu ya magonjwa ya ngozi na dawa tunazopewa. Wahenga walisema upele humwota asiye na kucha. Mimi naongeza: hata mwenye kucha asikune tu, ajue kwanza anakuna nini.

Ndugu yangu mdogo alipata choa shavuni. Mama akauziwa tyubu ya krimu dukani, akaambiwa inamaliza kila kitu. Kwa siku chache mwasho ukaisha, tukafurahi. Kumbe wapi! Choa kilirudi kikaenea hadi shingoni, na watoto wakakataa kukaa naye dawati moja. Afisa wa kliniki alipoitazama ile tyubu alisema ina steroidi.

Sasa sikiza vizuri. Steroidi, kama vile betamethasoni, hutuliza uwekundu na mwasho, kwa hivyo inafaa ukurutu. Lakini choa huletwa na kuvu. Steroidi hupunguza nguvu za ngozi za kupigana na kuvu hiyo, nayo huendelea kutambaa chini kwa chini.

Dawa hufuata chanzo cha ugonjwa:

1. Choa cha mwilini: krimu ya kuua kuvu kama klotrimazoli, au mafuta ya Whitfield (asidi ya benzoiki 6% na ya salisiliki 3%) ambayo ni ya bei nafuu. Usiache kupaka mara tu alama zinapopotea.

2. Choa cha kichwani: kupaka peke yake hakutoshi kwa sababu kuvu imeingia ndani ya nywele. Mgonjwa hupewa dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa.

3. Upele: huletwa na kijidudu kinachochimba ngozi. Mtu mzima hupaka benzili benzoeti 25% kuanzia shingoni hadi nyayo. Watu wote wa nyumba watibiwe siku moja, nguo na matandiko yafuliwe. Ukitibu mmoja, wengine watamrudishia. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuweka upele katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa.

Wataalamu wa ngozi ni wachache. Ndiyo maana mwaka 1992 kulifunguliwa kituo cha kanda huko Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, ambacho hufundisha hata maafisa wa kliniki kazi hii.

Nasi wagonjwa tuna wajibu. Ukipewa dawa, uliza kwa adabu: Ugonjwa huu unaitwaje? Dawa hii ina nini ndani? Nitaitumia siku ngapi? Kuuliza si ujinga.

Na wewe mwenzangu wa shule, usimcheke mwenye choa. Mwambie aende kliniki mapema, maana mficha maradhi kifo humuumbua.