Kufunga Mkopo kwa Kadi: Gawanya Kwanza, Saini Baadaye

Ukiishi Marekani na rekodi yako ya kulipa madeni ikawa nzuri, benki hazichoki kukuandikia: hamishia deni lako kwenye kadi yetu, riba sifuri kwa miezi 15, 18, hata 21. Mwenye mkopo binafsi wa riba kubwa akisoma hivyo, lazima ajiulize kama kadi hiyo inaweza kuufunga mkopo wake. Inaweza, na kwa baadhi ya watu ni nafuu ya kweli. Lakini hesabu ifanyike kabla ya saini.

Tuseme umebakiza dola 6,000 kwa riba ya asilimia 18, miezi 24. Unalipa takriban dola 300 kwa mwezi, na hadi umalize, riba peke yake itakuwa imekula karibu dola 1,190. Ukihamishia deni hilo kwenye kadi ya riba sifuri kwa miezi 18, utatozwa ada ya uhamisho, ambayo kwa kawaida ni asilimia 3 hadi 5. Kwa asilimia 4 ni dola 240, kwa hiyo unadaiwa 6,240. Gawanya kwa 18: dola 347 kila mwezi. Ukizimudu, umeokoa kama dola 950.

Hizo dola 347 ndizo za kuzitafakari. Kama mfuko wako unaishia 200, na kuna ndugu nyumbani wanaokutegemea, usidanganywe na neno sifuri.

Hatari kubwa imo kwenye taarifa ya kila mwezi, pale panapoandikwa kiwango cha chini cha kulipa. Kadi nyingi hudai asilimia 1 tu ya deni, pamoja na riba kama ipo. Kwa deni letu, mwezi wa kwanza ni kama dola 62. Mtu anafurahi, kwani alizoea kulipa 300. Miezi 18 ikipita akilipa kiwango hicho tu, bado anadaiwa zaidi ya dola 5,200, na sasa riba ya kawaida imeanza. Ikiwa ni asilimia 25, ni zaidi ya dola 100 za riba kwa mwezi. Heri angebaki na mkopo wake wa zamani, ambao angalau una tarehe ya mwisho. Sheria ya mwaka 2009 inailazimu benki kukuonyesha kwenye taarifa hiyo itakuchukua muda gani kumaliza deni kwa kulipa kiwango cha chini. Watu wengi hawasomi kisanduku hicho; wewe kisome.

Ukiamua kuendelea, mpigie mkopeshaji wako umuulize kiasi kamili cha kufunga mkopo kwa tarehe fulani, maana riba huongezeka kila siku, na kama kuna faini ya kulipa mapema. Kampuni nyingi za mikopo hazipokei kadi moja kwa moja, hivyo benki ya kadi ndiyo itakayowalipa, au itakupa hundi. Hakikisha hundi hiyo inahesabiwa kama uhamisho wa deni. Ikihesabiwa kama fedha taslimu, riba yake ni kubwa na huanza siku hiyo hiyo. Hakikisha pia kikomo cha kadi kinatosha deni pamoja na ada, na kwamba kadi si ya benki ileile unayodaiwa, kwa kuwa kwa kawaida benki haihamishi deni lake yenyewe.

Uhamisho unaweza kuchukua wiki kadhaa. Endelea kulipa mkopo wa zamani mpaka upate uthibitisho wa maandishi kuwa umefungwa. Kisha weka malipo ya kujiendesha ya zile dola 347, wala usinunulie kitu kadi hiyo: mara nyingi manunuzi mapya hutozwa riba tangu siku ya kwanza. Ukichelewa kulipa zaidi ya siku 60, benki inaruhusiwa kukufutia ile riba sifuri.