Mhenga Kupandwa na Mjukuu: Dokezo kuhusu Filamu ya Trancers

Makala haya yanadai kuwa safari ya wakati katika Trancers (1984), filamu ya gharama ndogo ya Charles Band, hufafanuliwa vyema na dhana ya mzimu kuliko ya mashine. Nafsi ya mpelelezi Jack Deth hutoka mwaka 2247 ikaingia katika mwili wa mhenga wake wa 1985. Chombo ni damu ya ukoo. Mkoani Katavi, iliko Mamba, mzimu wa mwindaji Katabi hutambikiwa chini ya mkwaju: aliye hai humwendea mhenga kwa unyenyekevu. Filamu imeupindua uhusiano huo, kwani mjukuu humpanda mhenga bila ridhaa. Hata hivyo, adui Whistler huwaua wahenga ili vizazi visizaliwe. Basi anayemtawala mhenga ndiye amtegemeaye kwa uhai wake.