SOMO LA AFYA: KABLA KIJANA HAJAINGIA CHUO CHA UUGUZI

Katika mitaa yetu, kuanzia Kariobangi mpaka Kayole, kijana akipata nafasi KMTC au chuo kingine cha afya, ni furaha ya kikundi kizima. Harambee inaitishwa, karo inatafutwa, sare inashonwa. Lakini kwenye barua ya kuitwa huwa kuna fomu ya kupimwa na daktari, na wengi huisoma siku za mwisho. Kila chuo kina fomu yake, basi someni yenu vizuri. Leo tuyaangalie mambo makubwa.

1. Kwa nini apimwe?
Mwanafunzi wa uuguzi haketi darasani tu. Ataingia wodini, atashika damu, atakoholewa. Chanjo inamkinga yeye, na inamkinga mgonjwa na mtoto mchanga wasiambukizwe naye.

2. Homa ya ini aina ya B
Ugonjwa huu hupitia kwenye damu. Kujichoma na sindano iliyotumika kunatosha kuupata. Chanjo ya mtu mzima ni sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Sasa pigeni hesabu. Wa kuingia chuo Septemba anafaa kuanza Machi, kabla hata barua haijafika! Kwa hivyo aanze pale anapotuma maombi. Akichelewa, aanze tu. Zilizobaki atamalizia akiwa chuoni, wala haanzi upya.

Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo hii mwishoni mwa 2001, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Kadi ya kliniki ndiyo ushahidi. Mama, usiitupe kadi hiyo mtoto akianza shule! Na mwanakikundi aliyezaliwa zamani, anayetaka kusomea uuguzi sasa, huenda hana hata sindano moja.

3. Kifua kikuu (TB)
Lile kovu kwenye mkono wa kushoto ni la chanjo ya BCG. Husaidia sana mtoto mdogo, lakini halimaanishi mtu mzima hawezi kupata TB ya mapafu. Ndiyo maana fomu nyingi hutaka picha ya kifua, na mwenye kikohozi hupimwa makohozi. Akipatikana nayo, asikate tamaa. TB inapona, dawa ni kwa kawaida miezi sita, na katika hospitali za serikali hutolewa bure. Aongee na chuo mapema kuhusu tarehe ya kuanza.

4. Je, lazima apimwe Ukimwi?
Hapana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu Ukimwi inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili apewe nafasi ya masomo. Kujua hali yako ni vizuri, lakini uamuzi ni wako na majibu ni siri yako. Wako vijana wanaoogopa kuomba nafasi kwa sababu hii, waambieni ukweli.

5. Muhuri wa kununua
Kuna watu mitaani wanaojaza fomu na kugonga muhuri bila kumpima mtu. Msikubali. Karatasi haizuii ugonjwa. Kijana atakayejichoma na sindano wodini atakuwa amelipia wino, si kinga. Nendeni kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali kama Mama Lucy Kibaki, muulize bei ya kila kipimo kabla ya kupanga bajeti.

Maswali ya kujadili kikundini
(a) Ni nani kati yetu ana kijana anayetuma maombi mwaka huu? Ameanza sindano?
(b) Kadi za kliniki za watoto wetu ziko wapi?
(c) Je, tuweke pesa za chanjo na vipimo pamoja na karo, badala ya kuzitafuta wiki ya mwisho?

Kikundi kikijibu haya leo, Septemba haitatushtua.