Eksirei ya Mkono: Inachoonyesha na Kisichoonekana

Osteoathritisi ni kuchakaa kwa viungo. Mkononi, hushika zaidi viungo vya vidole na shina la kidole gumba.

Eksirei huonyesha mifupa iliyokaribiana baada ya gegedu, tabaka laini linaloikinga, kulika. Huonyesha pia vinundu vya mfupa. Uharibifu hupewa alama, 0 hadi 4. Altrasaundi huonyesha uvimbe wa ndani na majimaji.

Lakini picha haipimi maumivu. Anayeendelea kuumwa ilhali eksirei yake ni safi anapaswa kurudi kwa daktari. Na mkazi ambaye vidole vyake vimevimba na hukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa aende kituo cha afya mapema: huenda kinga ya mwili inashambulia viungo, na hilo huhitaji dawa tofauti.