Fedha au Aluminiamu? Yajue Mapambo Kabla ya Kuyauza

Mchuuzi akifika Rapsu au kijiji kingine cha Garbatulla akitaka mkufu wa nyanya yako, jua kwanza umetengenezwa kwa madini gani.

Shanga nyingi nyeupe za metali wanazovaa kina mama wa Kiborana na Kigabra ni aluminiamu ya sufuria kuukuu. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, joto ambalo tumtu, yaani mhunzi, hulipata kwa makaa na mivuo. Fedha huhitaji nyuzijoto 961. Shanga hizo ni kazi ya mkono yenye heshima yake, ila zisinunuliwe kwa bei ya fedha.

Fedha ilitoka wapi?
Mapambo mengi ya zamani ya Pembe ya Afrika na Uarabuni yalifuliwa kutokana na sarafu za fedha ziitwazo Maria Theresa: gramu 28 hivi kila moja, fedha yake ikiwa asilimia 83. Karibu zote zina mwaka 1780, hata zilizopigwa juzi. Kwa hiyo mwaka huo hauthibitishi ukale wa pambo.

Miundo
- Waborana na Wagabra: shanga za metali zilizotungwa safu kwa safu, na bangili nene.
- Lamu: vikuku na vipuli, pamoja na pete zenye vigae vya vyombo vya kale vilivyozungushiwa fedha.
- Oman: visanduku vya hirizi vilivyonakshiwa na kuning'inizwa kwenye mikufu mizito.

Pima mwenyewe
1. Sogeza sumaku. Ikinasa, ndani mna chuma cha pua au cha kawaida.
2. Pima uzito kwenye mizani ya duka.
3. Jaza glasi maji hadi ukingoni ikiwa ndani ya bakuli kavu, tumbukiza pambo lililofungwa uzi, kisha yapime yaliyomwagika kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Bangili ya gramu 60 ikiwa ya fedha humwaga mililita 6 hivi. Ya aluminiamu humwaga kama 22.

Kipimo hiki hakifai kwa pambo lenye uwazi ndani. Vilevile, mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli hukaribia matokeo ya fedha, kwa hiyo bei ikiwa kubwa mwone sonara.

Utunzaji
Weusi wa fedha huletwa na salfa iliyomo hewani. Usisugue kwa majivu wala stilwuli, kwani nakshi hulika. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni laini, kausha, kisha funga kwa kitambaa cha pamba. Usiweke pamoja na mpira, maana una salfa.

Ukiamua kuuza pambo, lipige picha, andika uzito na jina la aliyelivaa, na uulize bei kwa watu wawili au watatu. Anayekuharakisha usimuuzie.