Jeki ya mashine kwenye boti ya alumini

Hapa Carrollton naona wavuvi wakielekea Ziwa Lewisville na boti za alumini. Wengine hufunga bamba la jeki ya haidroliki nyuma ya boti, ili mashine ipande wima kwenye maji mafupi bila kuinamishwa. Sawa, ila tupige hesabu kwanza. Mashine ya kilo 100 ikisogezwa nyuma sentimita 25 inaongeza momenti ya nyutonimita 245 hivi, na mawimbi yatazidisha. Ubao wa nyuma ukiwa umeoza ndani, mashine itazama nao. Kwa hiyo gonga, sikiliza, imarisha, ndipo utoboe. Ukiwa majini, tazama geji: tundu la maji ya kupozea likitoka nje, mashine inaungua. Mwanza au Lamu, kanuni ni ileile: kani mara umbali.